Simezi Moshi

Jumamosi jioni ukinitafuta utanikuta Ybor City, hapa Tampa, nimekaa nawatazama kuku wanavyozurura barabarani kama wako kwetu Tanga. Mkononi nina biri, ile sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, haina karatasi wala kichungi. Alinifundisha mzee mmoja wa Kikuba tuliyefanya naye kazi ghalani. Mtaa wenyewe ulijengwa kwa biri tangu miaka ya 1880, basi kuikataa niliona kama kukataa chai ugenini. Na kila anayenisema nina jibu moja: "Mimi simezi moshi."

Jibu hilo nilikwenda nalo hadi kwenye utafiti niliojiandikisha mwaka jana. Walitaka wavuta biri, wapimwe sumu za tumbaku zilizomo mwilini. Miadi yangu ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mama Salma alikuwa ameshaninywesha maji tangu alfajiri. "Kunywa, Baba Salma, usije ukatuaibisha." Muuguzi alipoona mkojo mweupe kama maji ya bomba akacheka. Akaniambia wanapima na kreatinini, taka ambayo misuli huitoa kwa kiasi kisichobadilika sana, kisha wanapiga hesabu kufidia maji uliyokunywa. Kumbe nilikuwa najichosha kwenda chooni bure.

Nikapuliza kwenye kimashine cha kupima kaboni monoksidi, gesi ileile ya jiko la mkaa inayoua watu waliolala madirisha yamefungwa. Namba ndogo! Nikavimba kichwa. Muuguzi akanitumbua palepale: gesi hiyo hupungua nusu kila baada ya saa nne au tano, na mimi nimevuta Jumamosi. Kuna kotinini pia, ambayo ini huitengeneza kutokana na nikotini (angalia herufi, ni zilezile zimepangwa upya). Hiyo hupungua nusu kwa saa kama 16. Nikahesabu kwa vidole: kufikia Alhamisi imebaki kama sehemu moja katika mia. Wangeishia hapo, ningerudi nyumbani na cheti cha utakatifu.

Hawakuishia hapo. Wanatafuta kitu wanachokitaja kwa herufi tu, NNAL. Chanzo chake ni NNK, sumu inayojitengeneza jani linapokaushwa na kuvundikwa, na jani la biri huvundikwa hasa. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka NNK kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2007. NNAL huchukua siku 10 hadi 18 kupungua nusu tu. Kwa hiyo Jumamosi yangu ilikuwa bado imo, na ile ya kabla yake imo, zimekaa kama wageni wa arusi wasiotaka kuaga.

"Lakini simezi moshi," nikasema.

Akaniuliza kama najua magadi. Hakutumia neno hilo, bila shaka, ila nilipomwelewa nilimwona bibi yangu waziwazi, amekaa barazani na kikopo chake cha ugoro, anasaga tumbaku na kutia magadi kidogo. Nilidhani ni ladha. Kumbe magadi ndiyo yanayoifungua nikotini ipenye kwenye ngozi laini ya mdomo na pua. Moshi wa sigara ya kawaida una uchachu, ndiyo maana mvutaji huusukuma mapafuni. Moshi wa biri una tabia ya magadi: nikotini unaipata mdomoni tu, hata usipoumeza moshi. Bibi alikuwa anajua kemia yake.

Kilichowashinda kidogo ni fomu. "Unavuta ngapi kwa siku?" Sasa nijibu nini? Moja kwa wiki? Moja hiyo yaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima ya sigara, na mimi huivuta nusu, naizima, naimalizia baada ya kula. Muuguzi akaandika, akafuta, mwishowe akanipa mifuko midogo ya plastiki: kila nikimaliza nitie kipisi humo, niandike saa, nilete wakakipime uzito.

Juzi Mama Salma amekikuta kimoja kwenye friji, pembeni ya samaki. Mpaka leo hatujaongea vizuri.