Alhamisi, siku ya maji

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, mfereji wa jikoni ndio ulioniamsha. Usiku wa kuamkia Alhamisi huwa nauacha wazi na beseni tupu chini yake, kwa sababu maji yakija hukohoa kwanza, yanatema hewa, halafu yanapiga beseni kama mvua ya mabati. Kwenye ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, maji hutoka Alhamisi na Jumapili, tena yakitaka. Kwa majirani hiyo ni siku ya kufua. Kwangu ni siku ya kusafisha picha, na nasafisha kizamani: filamu kubwa za sentimita 18 kwa 24, mabeseni, giza, na mgongo unaolalamika.

Watu wakisikia hivyo huuliza kamera kwanza. Kamera ni sanduku la plaiwudi alilonitengenezea fundi wa viti kule Ngong Road. Mvukuto wake, ule mkunjo unaounganisha lenzi na sanduku, niliushona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia, tabaka tatu, na lenzi ilitoka kwenye mashine ya fotokopi iliyokufa. Haina kitufe cha kufyatulia. Nafungua na kufunga kwa kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo nilichokipaka rangi nyeusi ndani. Basi, kamera imeisha hapo. Kazi yenyewe iko kwenye maji.

Kufikia saa kumi na mbili nilikuwa nimejaza madramu mawili na mitungi sita ya lita 20. Mitungi ya maji ya mfereji naifunga utepe mwekundu nisije nikaichanganya na ya maji ya kisima tunayoletewa na mkokoteni siku za shida. Maji mengi ya mfereji Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule milimani Murang'a, nayo ni laini. Ya visima vya mjini yana magadi na floridi, na picha ya buluu, ile ninayoichapa juani kwa dawa ya chuma, haipatani na magadi hata kidogo. Nitarudi hapo baadaye, kwa aibu.

Mwanangu Baraka akanywa chai, akatafuta soksi moja kwa dakika kumi, akaenda shule.

Saa moja na robo nikajifungia bafuni. Bafu langu ukinyosha mikono unagusa kuta zote mbili. Juu ya choo naweka ubao, na ubao huo ndio meza. Dirisha nimeliziba kwa kadibodi na gundi, na kwa kazi ya asubuhi balbu ya manjano hafifu inatosha, kwa sababu dawa ya picha za buluu haiogopi mwanga wa aina hiyo. Adui yake ni jua. Dawa zenyewe ni mbili, kila moja katika chupa yake ya rangi ya kahawia: gramu 25 za amonia feriki sitreti katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Unachanganya nusu kwa nusu, unapaka karatasi nzito kwa brashi, unakausha gizani. Ni mapishi ya John Herschel, Mwingereza mwanasayansi wa nyota, ya mwaka 1842, na tangu hapo hayajabadilika sana. (Muuzaji wangu wa kemikali alisoma "sianidi" kwenye karatasi yangu akaniangalia kama ninayetaka kumaliza mtu. Hii si sumu ya namna ile, ila usiichanganye na asidi kali wala kuibandika motoni, na glavu uvae.) Karatasi nne nikaziweka zikauke kabatini, kati ya nguo. Shati moja la shule lina doa la buluu lisilotoka. Namwambia Baraka ni wino.

Saa mbili na nusu nikapanda juu ya paa na mzee wa ghorofa ya pili. Nimemwandama tangu Pasaka anikalie picha, na juzi akakubali ghafla, akaja leo amevaa sweta ya maruni na koti juu yake. Ni Julai, mawingu yamefunika jiji kama sufuria, na kwa picha ya mtu hakuna mwanga mzuri kuliko huo. Nikamkalisha kati ya kamba za nguo.

"Mama Baraka, kamera hii hata mkoloni angeikataa."

"Mkoloni alikuwa na pesa ya filamu, mzee. Kaa wima."

Nikajifunika leso nyeusi. Huko ndani, kwenye kioo chenye ukungu, mzee ananing'inia kichwa chini kama popo, na mashuka ya ploti nzima yanapepea kutoka chini kwenda juu. Mara ya kwanza hili hukuvuruga. Sasa nimezoea kiasi kwamba nyuso zilizo wima ndizo ninazoziona ngeni. Kwa kamera ya ukubwa huu, jicho likiwa kali sikio tayari limeanza kuyeyuka, kwa hiyo nilishika kioo cha kukuza nikaliwinda jicho lake la kushoto mpaka nikaona kope. Kisha nikaingiza kishikio cha filamu, nikavuta bamba lake la kuzuia mwanga, nikamwambia mzee asipumue. Kifuniko cha Kimbo nje, sekunde moja, kifuniko ndani. Nikapiga mbili. Ya pili mzee alipiga chafya, lakini nikaisafisha vilevile, huwezi kujua.

Filamu ninayotumia ni ya eksirei, ile ya hospitali. Bei yake ni nafuu kuliko ya filamu ya kamera kubwa inayoagizwa ng'ambo, na kwa kuwa haioni mwanga mwekundu, unaweza kuisafisha ukiangalia kila kitu chini ya taa nyekundu. Udhaifu wake ni huohuo: isichokiona inakifanya cheusi. Udongo mwekundu wa Kiambu hutoka kama lami. Sweta ya maruni nilijua itatoka nyeusi, na uso wa mzee nao utatoka mweusi kuliko alivyo. Tena ina dawa pande zote mbili, na ikilowa hukwaruzika hata kwa ukucha. Ndiyo maana kucha zangu ni fupi na ndani ya beseni, chini kabisa, nimelaza kioo.

Saa nne nikaanza kusafisha. Dawa yangu ni ya jikoni: kwa lita moja, gramu 40 za kahawa ya unga ya kukorogwa, gramu 16 za vitamini C, na gramu 54 za magadi. Kahawa ya bei ya chini ndiyo inayofaa, maana hizo hutiwa robusta, ambayo ina zaidi ya ile asidi inayofanya kazi hapa. Kahawa nzuri ya Nyeri acha wanywe wenyewe. Magadi ninayoyapata sokoni ni mabonge yale ya kulainishia maharagwe, asili yake Ziwa Magadi, na hayo hayana nguvu ya kutosha jinsi yalivyo. Nayaponda, nayakaanga kwenye sufuria kavu mpaka yatoe mvuke wake wote yawe unga mweupe mkavu, ndipo nayapima. Harufu ya mchanganyiko huo sitaieleza. Jirani wa pembeni aliwahi kugonga akauliza kama kuna kitu kimekufa.

Bafuni palikuwa na baridi ya Julai, nami nataka nyuzi 20, basi beseni la dawa nikaliketisha ndani ya beseni kubwa la maji moto. Filamu ndani, taa nyekundu, mikono ikitikisa polepole. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, kitu cha kwanza kutokea ni mvi za mzee, zikiwa nyeusi tii, kwa kuwa kwenye negativu nyeupe ndiyo huwa nyeusi. Halafu kola ya shati. Halafu mashuka. Macho yanakuja mwisho, mashimo mawili yaliyobaki angavu, na ndani ya kila shimo nukta ndogo nyeusi ambayo ni mawingu ya Umoja. Nimefanya kazi hii miaka minne na hapo bado huwa nashikilia pumzi. Dakika tisa, suuza, kisha fiksa, dawa inayoifanya picha isibadilike tena. Fiksa iliyochoka simwagi, ina fedha ndani yake. Inakaa kwenye mtungi wake chini ya sinki.

Ile ya chafya imetoka na mzee mwenye pua mbili.

Saa saba jua likachungulia. Nikapanda paa mbio na fremu: kioo, negativu, karatasi ya dawa, ubao, vibanio. Jiji hili liko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600, jua lake likiamua kuwaka halina mchezo; Januari dakika sita zinanitosha. Leo nilianika dakika 15, mpaka vivuli vikageuka rangi ya shaba chafu. Nikashuka, nikaitumbukiza kwenye maji. Manjano yakatoka, buluu ikashuka na kukolea, uso ukasimama. Nikaenda kutafuta chakula.

Niliporudi mzee alikuwa akiondoka. Mashavu yamepauka, koti limekuwa la zambarau, ukingo unarudi manjano. Nikalaani kisima. Nikaangalia mtungi: utepe mwekundu upo. Nikainama nikanusa beseni. Kahawa. Nilikuwa nimelisuuza mara moja tu, na magadi yaliyonitolea filamu asubuhi yalikuwa yamebaki humo yakila picha mchana.

Karatasi ya pili nikaiosha katika beseni jingine lenye kijiko cha siki, ikatoka buluu ya kweli. Lakini ile iliyoharibika sikuitupa. Nikaimalizia kwa makusudi kwenye magadi mpaka ikabaki kama kumbukumbu ya mkojo, nikaisuuza kwa maji mengi, nikaichemshia majani ya chai ya Kericho mazito bila maziwa, nikasubiri ipoe, nikaizamisha. Tanini ya chai hushika kile chuma kilichobaki kwenye karatasi. Baada ya nusu saa mzee alikuwa amerudi, safari hii kwa hudhurungi inayokaribia weusi.

Saa tisa mpaka saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kibandani karibu na soko la Mutindwa, nikipiga picha za pasipoti. Kodi inalipwa hapo. Hakuna zaidi.

Saa mbili usiku mzee akagonga. Nikamwekea zote mbili mezani. Hakuangalia uso wake. Alipitisha kidole ukingoni akaniambia brashi yangu haijanyooka. Ndipo nikajua alikuwa mchoraji ramani wa majengo miaka ya sabini. Nikamwuliza kama ramani walizichapa kwa hii dawa ya buluu.

"Hizo ni za kabla yetu. Sisi tulikuwa na mashine ya amonia. Ukitoa ramani asubuhi, unalia mpaka chakula cha mchana." Akaichukua ile ya chai, akaisogeza kwenye taa. "Umenifanya mweusi hivi?"

"Ni filamu, mzee."

"Hmm. Basi hii nabaki nayo. Hiyo nyingine mpelekee injinia."

Alipotoka mfereji ulikuwa umeshanyamaza. Nimechukua rangi ya kucha nisiyoitumia, nikaandika KAHAWA TU ubavuni mwa beseni la kijani.