Kitanda au sala?

Jioni hii nimetoka darasa la Kiholanzi hapa Rotterdam, na njia nzima nimekuwa nikirudia neno moja: massagebed.

Nililisoma kwa mazoea yetu, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwalimu akaniuliza kwa upole nilikusudia neno lipi kati ya mawili.

Akaligawa ubaoni. Ukikata massage-bed, ni kitanda cha kukandia mwili: mkazo unakaa kwenye sa, na g inatoka laini kama ya Kifaransa, lugha ilikotoka. Ukikata massa-gebed, ni sala ya umati: mkazo unarudi mwanzoni kabisa, na g ileile inakwaruza kooni kama kh ya kheri. Herufi ni kumi zilezile.

Alipotamka, aligonga meza kwa kidole kwenye silabi nzito tu. Kugonga kule kulinifundisha kuliko kurasa zote nilizosoma wiki hii, kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka neno letu "barabara": mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwanzo ni sawasawa, kwenye ya tatu ni njia ya magari.

Kiholanzi mara nyingi huelemea sehemu ya kwanza ya neno ambatani, ndiyo maana ziekenhuis, yaani hospitali, huanza kwa zie nzito, nami kwa miezi nimekuwa nikiielemea ken.

Ndugu mnaoishi Uholanzi na Ubelgiji, ni neno gani refu lililowasumbua kulikata? Niandikieni hapa, na mkazo wake mniwekee kwa herufi kubwa.