Mpini wa nyundo kubwa: bomba, faiba au mti?

Wadau wa kuvunja mawe na kupasua magogo, leo naongelea mpini manake huku Mbeya naona vijana wengi wananunua kichwa cha nyundo cha kilo 5, kizuri kabisa, alafu wanaenda kwa fundi wa kuchomelea awawekee bomba la chuma eti halivunjiki. Kweli halivunjiki, ila unaumia wewe. Ukigonga jiwe ule mshtuko unarudi, na bomba haliupunguzi, linaupitisha mpaka kiganjani, kwenye kiwiko, jioni vidole vina ganzi hata kikombe cha chai unakishika kwa shida. Na asubuhi za mwezi wa saba pale Uyole chuma kinakuwa cha baridi sana, baridi nayo inazidisha hiyo ganzi.

Kuna wanaozungushia tyubu ya baiskeli. Inazuia kuteleza sawa, ila ukizidisha mpini unanenepa, vidole havifungi, unabaki umekaza mkono muda wote na mkono uliokazwa ndo unapokea mshtuko zaidi.

Mimi ni mtu wa mti, ila sio mti wowote jamani. Paini ya Sao Hill tuiachie kenchi, ni laini. Mlingoti, yaani mkaratusi, ni mgumu lakini ukiuchonga mbichi utapasuka ukikauka, kwa hiyo uchane mapema uukaushe kivulini taratibu, usiuanike juani. Muwati ni mzuri sana kwa mpini na Njombe upo mwingi, ulipandwa kwa ajili ya magome ya kusindikia ngozi za wanyama. Wamarekani wao wana hikori, mgumu ila unanyumbulika, na hicho ndo unachotafuta. Alafu angalia nyuzi za mti, zishuke zimenyooka kutoka juu mpaka chini zisitokee ubavuni, na pasiwe na fundo hata moja, hasa karibu na kichwa.

Faiba, ile plastiki yenye nyuzi za kioo ndani, nayo inapunguza mshtuko na haiozi, ila ikiharibika huwezi kujichongea nyingine.

Vanishi ikwangue sehemu ya kushika, inateleza na inaleta malengelenge. Na tafadhali, kichwa kikilegea usiloweke nyundo kwenye ndoo, mti unavimba kwa muda tu, ukikauka kinalegea kuliko mwanzo na kinaweza kuchomoka kikampiga mwenzako aliyesimama mbele. Kitoe, chonga upya, gonga kabari ya mti mkavu.