Maksai wa Beidenfleth na gunia la lumbesa

Kuna msimu mmoja ambao sisi wakulima wa viazi mviringo wa huku Isyonje, barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, hatupendi kuukumbuka. Mbolea tulikuwa tumeinunua kwa bei ya kuumiza, wengi wetu kwa fedha za kukopa, na viazi vilipokomaa kwa wakati mmoja mashamba yote bei ikaporomoka, huku dalali akisisitiza gunia lijazwe lumbesa, lile lenye kilemba kirefu kilichoshonewa juu ya mdomo, na akilipa bei ya gunia la kawaida. Jirani yangu alikuwa amekopa kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa tunaowaita kausha damu. Walifika asubuhi, wakaikuta pikipiki yake chini ya mparachichi, wakaipakia kwenye Kirikuu watoto wakitazama. Hakupigana nao. Aliingia ndani, akatoka na helmeti, akawakabidhi, maana hakuona sababu ya kubaki nayo.

Wiki hiyo hiyo kijiweni alitokea mtu ambaye hakuwa mkulima, akatueleza kwa utulivu kwamba chanzo cha yote ni wageni wanaokuja kununua mazao shambani, na kwamba siku wakifukuzwa na vibanda vyao vikifungwa tutapumua. Juu ya riba hakusema neno, wala juu ya mbolea, wala juu ya mizani. Watu ambao mwaka uliotangulia wangemcheka walinyamaza na kumsikiliza, na sina budi kukiri kwamba mimi nilikuwa mmoja wao.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za wakulima wa Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, ambao kabla ya mdororo mkuu wa uchumi wa dunia kuanza mwaka 1929 walikuwa tayari wameelemewa na madeni, kodi na kushuka kwa bei ya mifugo. Mnamo Novemba 1928, katika kijiji cha Beidenfleth, maofisa walikwenda kuchukua maksai wa wakulima wawili waliokuwa wakidaiwa kodi. Wanakijiji wakawasha moto wa nyasi kavu barabarani, wanyama wakashtuka na kukimbia kurudi zizini. Nikisoma tukio hilo huwa naiona ile helmeti.

Katika uchaguzi wa Mei mwaka huo huo chama cha Wanazi, chake Adolf Hitler, kilikuwa kimepata asilimia 4 tu ya kura za mkoa huo. Julai 1932 kilipata asilimia 51. Kitaifa kilipanda kutoka asilimia 2.6 mwaka 1928 hadi 18.3 mwaka 1930 na 37.3 Julai 1932, wakati wasio na ajira wakizidi milioni 5, na Kansela Heinrich Brüning alikuwa amejibu mdororo kwa kupunguza mishahara na posho za wasio na kazi huku akipandisha kodi. Wayahudi waliotupiwa lawama na Wanazi walikuwa wachache mno huko Schleswig-Holstein, kiasi kwamba wakulima wengi hawakuwa na biashara yoyote nao. Chuki haikuhitaji ushahidi wa jirani. Ilihitaji tu mtu wa kuutaja uchungu kwa sauti na kuupa sura.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwa mkato kwamba umaskini huzaa siasa kali. Wafanyakazi wa viwandani waliofukuzwa kazi Ujerumani walielekea zaidi kwa Wakomunisti, na waliowabeba Wanazi walikuwa kwa wingi wakulima wadogo wa Kiprotestanti, mafundi na wenye maduka, yaani watu waliokuwa bado na kitu na walikiona kikiponyoka. Fukara wa siku zote amezoea kutosikilizwa. Anayeshuka ndiye anayemtafuta aliyemsukuma. Tena shida peke yake haitoshi, kwani Marekani, ambako takriban robo ya wafanyakazi walikuwa hawana kazi mwaka 1933, ilimchagua Franklin Roosevelt, naye akaanza kwa kuzinusuru benki na kuwapa watu kazi za serikali. Wagiriki kwa upande wao, katika mgogoro wa madeni, waliiona Golden Dawn, chama chenye siasa kali dhidi ya wageni, ikitoka asilimia 0.3 mwaka 2009 hadi karibu 7 mwaka 2012, ikigawa chakula kwa Wagiriki pekee katika mitaa ambayo huduma za serikali zilikuwa zimekatwa. Mfuko wa chakula unapoletwa na mtu mwenye orodha ya ukoo, njaa humfanya mpokeaji asiulize orodha hiyo ni ya nini.

Mwezi Agosti bei ilipanda kidogo, malori yakarudi Isyonje, na tulipakia kuanzia alfajiri huku tukibishana kuhusu lumbesa kama kawaida yetu. Yule mtu alikuja tena kijiweni na maneno yale yale. Wengi walimpa kisogo na kuendelea na bao. Jirani yangu, ambaye pikipiki yake haijarudi hadi leo, alisogea kwenye benchi na kumpa nafasi ya kukaa.