Sauti inapasuka traki zikiwa nyingi: ninavyoirekebisha

Traki (rekodi za kila sauti peke yake) za kwaya, ngoma, gitaa la besi na kinanda zinaweza kusikika safi moja moja, ukazicheza pamoja zikakwaruza. Hapo sigusi plagini (programu ndogo ya kubadilisha sauti) yoyote kwanza. Natoa wimbo mzima kama faili la WAV la biti 24 na kulisikiliza. Mkwaruzo ukiwa ndani ya faili, kiwango cha sauti kimezidi. Faili likiwa safi, kompyuta ndiyo iliyoelemewa.

Kiwango ndicho kinachosumbua zaidi. Sauti hujumlishwa: traki mbili zilizo sawa kabisa huongeza desibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) 6, na traki tofauti zenye nguvu sawa huongeza takriban dB 3 kila idadi yake inapozidishwa mara mbili. Traki 16 zinakupandisha dB 12 juu ya moja, wakati mita inaishia 0. Kinachozidi hapo kinakatwa wimbi likitoka. Kwenye Reaper, programu ninayochanganyia muziki, nachagua traki zote, nashusha kitelezi cha mojawapo na zote zinashuka pamoja, hadi kilele cha masta (traki kuu inayokusanya zote) kiwe karibu na dB −6. Kushusha masta pekee hakutoshi kama masta ina plagini inayoiga vifaa vya zamani, kwa sababu plagini hiyo hupokea sauti kabla ya kitelezi na tayari inakwaruza.

Kisha nakata mingurumo ya chini, maana inakula nafasi bila kusikika: feni, miguu jukwaani, upepo kwenye maiki. Kwa sauti za wanawake nakata chini ya Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde). Kwa waimbaji wa besi wa kwaya siendi juu ya Hz 60, kwani noti zao zinafika Hz 82 na wakati mwingine chini zaidi; ukikata zaidi unawanyonga.

Kompyuta ikielemewa, napandisha bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuicheza) kutoka sampuli 128 hadi 1024. Kwenye kHz 48 (sampuli 48,000 kwa sekunde) huo ni ucheleweshaji wa kama milisekunde 21, na kwa kuchanganya haudhuru. Ukirudi kurekodi, irudishe bafa chini. Badala ya kuweka mwangwi kwenye kila traki, tengeneza traki moja ya mwangwi na uzipeleke zote huko. Laptopu nayo iwe kwenye chaja, kwani ikitumia betri mara nyingi prosesa hupunguzwa kasi.

Vuta pia picha ya wimbi uikague kwa karibu. Vilele vilivyo bapa kama vimekatwa kwa rula vinaonyesha kuwa sauti iliharibika wakati wa kurekodi. Kuishusha hakuisafishi, na mimi huomba mwimbaji arudie.