Tak moja kwenye pantoni

Mwaka 2011 nilikuwa naendesha pikapu ya mjomba, Hilux ya dizeli ya injini ya 2L. Kijiji chetu kipo ng'ambo ya Mto Pangani, upande wa kusini, njia ya Mkwaja. Gari lile lilibeba nazi, likabeba samaki, na akitokea mgonjwa lilibeba mgonjwa. Siku ninayoisimulia abiria wangu alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho: la kulia halioni kitu, la kushoto linaona vivuli. Alikuwa na miadi na daktari wa macho Tanga, na miadi ya kwanza tulikwisha kuikosa kwa ajili ya mvua.

Tulifika Bweni asubuhi, pantoni ikatupakia. Nikazima injini kama ilivyo kawaida, mama mkubwa nikamsimamisha pembeni kwenye kivuli. Kuvuka mto pale hakuchukui muda. Tulipogusa upande wa Pangani mjini nikamrudisha garini, watu wa miguu wakatoka, pikipiki zikatoka, nami nikazungusha ufunguo.

Tak.

Mlio mmoja mkavu, kama kijiti kikavu kinavyovunjika, kisha kimya. Nikazungusha tena. Tak. Nyuma yangu lori limeanza kupiga honi.

Kilichonikata maini ni kwamba betri ile ilikuwa na siku kumi na sita tu. Mlio huohuo ulikuwa umenipata nyumbani, na fundi mmoja alipousikia tu akasema betri imekufa, badilisha. Hakupima kitu. Nikanunua betri mpya ya N70 kwa shilingi 165,000, fedha ambazo mjomba alikuwa ameziweka kununulia mabati ya nyumba ya mama mkubwa huyuhuyu. Ile ya zamani nikaiuza chuma chakavu kwa 12,000. Kweli gari likawaka, likaendelea kuwaka kila siku, nikaamini kazi imekwisha. Sasa mama mkubwa amekaa pembeni yangu, ameshika bahasha ya karatasi zake za hospitali, ananiuliza, "Baba, tumefika?"

Vijana wa pale wakajitolea. Walilisukuma hadi juu ya mteremko, tukaliegesha chini ya mti wa mkungu. Mmoja akaleta betri ya gari lake na nyaya za kubusti. Tukaunganisha betri kwa betri, chanya na chanya, hasi na hasi. Tak. Mwingine akasema stata, ile mota ya kuzungushia injini iwake, imeungua, niiagize Tanga. Wa tatu akashauri tulisukume liwake, maana ni gari la gia. Lingewaka, sina shaka. Lakini mbele yangu kulikuwa na kilomita 50 hivi, siku hizo bado ni barabara ya vumbi, na nimebeba mtu asiyeona. Nikakataa.

Hapo ndipo alipokuja mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza mashine za boti pale ufukweni. Nikamwamkia. Alipoitikia, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza siku zote zile:

"Mwanangu, likilia, linalia tak moja, au tak-tak-tak-tak ya haraka?"

"Tak moja, mzee."

"Washa taa kubwa. Mimi nakaa mbele. Halafu piga stata."

Nikafanya hivyo. Akaniambia nirudie. Kisha akaja dirishani. Taa hazikutikisika, alisema. Kama betri ingekuwa imechoka, au vichwa vyake vimelegea, nikipiga stata taa zingefifia au kuzimika kabisa, na mlio ungekuwa ule wa mfululizo: otomatiki ya stata, ile swichi yake ya sumaku, inavuta, umeme unaanguka, inaachia, inavuta tena. Hapa betri ina nguvu zake zote, ila nguvu hizo haziendi popote. Otomatiki yenyewe hudai umeme kidogo, ndiyo maana inagonga. Mota ya stata ndiyo inayodai mwingi, amperi mia na zaidi, na huo haufiki. Basi, akasema, ama vile vipande vya shaba ndani ya otomatiki vimelika, ama kaboni za stata, zile zinazougusisha umeme na mota inayozunguka, zimekwisha, ama umeme unafika lakini hauna njia ya kurudi.

Akanyoosha mkono kwenye injini akaushika waya wa akseleta, ule unaotoka kwenye pedeli. Akauachia upesi.

"Shika hapa."

Nikashika. Ulikuwa na joto la sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi, na injini ilikuwa imezimwa zaidi ya nusu saa. Sehemu nyingine zote za karibu yake zilikuwa vuguvugu tu. Mpaka leo nikifunga macho nalisikia joto lile kwenye vidole. Umeme, baada ya kunyimwa barabara yake, ulikuwa unajipenyeza kwenye uzi ule mwembamba ili urudi kwenye betri.

Akachukua waya mmoja tu wa kubusti. Upande mmoja akaubana kwenye hasi ya betri yangu, upande wa pili kwenye ndoano ya kunyanyulia injini, mahali alipokwangua kwa kisu hadi chuma kikang'aa. Betri ya yule kijana hakuitaka. "Piga."

Injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza. Mama mkubwa akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyowageuza watu. Mimi nilibaki nimeshika usukani, koo limenikaba.

Tulipolizima mzee akaingia chini na spana, akatoka na waya wa ethi, ule mnene unaoshika injini kwenda hasi ya betri. Kwa nje haukuwa na kasoro. Akaupasua ganda kwa kisu: ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, unadondoka kama ugoro, na nyuzi nzima nadhani hazikufika saba. Ni chumvi, alisema. Magari yanayopita maji ya pantoni na hewa ya bahari yanaliwa kuanzia huko ndani. Fundi wa kwanza alipofungua betri aliutikisa waya huu, nyuzi zikagusana, ndiyo sababu gari likawaka kwa siku kumi na sita. Nikamuuliza kuhusu betri niliyoiuza. Alinyamaza kidogo, akasema huenda ilikuwa nzima.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mikono: kipande cha waya wa mashine ya kuchomelea, vichwa viwili vya shaba alivyovifinya kwa nyundo, msasa kwenye injini, na grisi juu yake. Alitaka shilingi 8,000 za waya. Nilimwongezea nazi, akapokea ishirini, zilizobaki akazikataa.

Baadaye nilinunua mita, na hadi leo sibadilishi betri ya mtu kabla ya kupima. Betri iliyojaa ikiwa imetulia husoma volti 12.6 hivi. Lakini kipimo ninachokithamini zaidi ni kile alichokifanya mzee bila mita: naweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu anapiga stata. Ikizidi nusu volti, ethi ndiyo ya kwanza ninayoifungua.

Siku ile tulichelewa, daktari akatuona kesho yake, na ndani ya wiki hiyo mama mkubwa akafanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto. Wakati wa kurudi tulivuka tena kwa pantoni ileile, jicho lina bendeji. Tulipogusa Bweni alinyoosha mkono akanishika shati kwenye kiwiko, hakusema neno. Nikazungusha ufunguo. Injini iliponguruma, akaniachia.