Bamvua ndani ya beseni

Ijumaa, saa tano asubuhi, kichochoroni Langoni, Lamu, nami nina gunia la chupa tupu za bia begani. Unaweza kukisia. Bibi jirani akashika mdomo: "Astaghfirullah! Na wewe, mwanangu?" Nikamwambia ni za umeme. Akaniangalia vile wanavyoangaliwa walevi.

Pombe sinywi. Chupa 14 nilipewa na rafiki anayefanya kazi hotelini Shela, nizifanye kapasita, yaani kihifadhi chaji ya umeme, ya koili yangu ya Tesla: mashine ya koili mbili za waya, moja chini na moja juu, inayorusha cheche ndefu. Si uvumbuzi wangu: Nikola Tesla mwenyewe, huko Colorado Springs, Marekani, mwaka 1899, alitumia chupa zilizotiwa maji ya chumvi. Yeye ilibidi ayatie chumvi. Mimi nashuka ngazi za gati na ndoo.

Kazi yake ni hivi: maji ndani ya chupa ni upande mmoja, maji ya nje kwenye beseni ni upande wa pili, kioo kiko katikati. Kila chupa waya wake, zote zimeunganishwa pamoja. Mita yangu inasoma kama nanofaradi 0.8 (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji) kwa chupa iliyozama hadi mabegani.

Sasa, koili ya chini na ya juu zisipokubaliana masafa, yaani kasi ya mitetemo ya umeme, cheche ni ya kuwashia jiko tu. Ili kuyalinganisha, wengi husogeza klipu ya waya kwenye mizunguko ya koili ya chini. Ile klipu ilinichosha, mikono imejaa mikwaruzo. Nikaona, mbona nisitumie bamvua? Maji ya ndani nayaacha yamejaa, ya nje nayapandisha au nayapwesha kwa kopo na mpira. Yakipanda, kioo kinachofanya kazi kinaongezeka, masafa yanashuka. Uwezo wa kapasita ukizidi asilimia 10, masafa hupungua karibu asilimia 5. Klipu yangu hainipi marekebisho madogo namna hiyo.

Usiku wa kwanza sikutia mafuta. Pale maji yanapogusana na kioo pakaanza mng'ao wa zambarau, unalia kama samaki kwenye mafuta ya moto, na chupa moja ikatobolewa tundu la kupita sindano. Tangu hapo namimina mafuta ya kupikia juu ya maji, ndani na nje. Upepo wa kusi nao unapaka shingo za chupa chumvi, umeme unatambaa juu yake. Nazifuta kwa maji matamu kila jioni.

Kabla ya kugusa kopo natoa plagi ukutani, kisha naunganisha pande mbili za kapasita kwa waya uliofungwa kwenye fimbo ndefu ya plastiki, na waya nauacha pale pale. Kioo kina tabia ya kurudisha chaji uliyodhani umeimaliza, na volti 9,000 za transfoma ya taa za neoni inayolisha koili hazina utani.

Juzi cheche ilifika shibri mbili. Kimo cha maji nimekitia alama kwenye beseni kwa rangi ya kucha, nyekundu. Dada yangu bado anaitafuta.